Kliniki ya Macho Yatafutiwa Sauti

Kwenye benchi lililo mkabala na geti la kliniki ya macho, pale muuza kahawa anapoweka jiko lake, asubuhi haihesabiwi kuwa imeanza mpaka watu wabishane. Siku hiyo walikuwepo watatu wa kudumu: Sindano, fundi cherehani; Antena, fundi redio; na Wakili, ambaye hajasomea sheria popote ila hakosi mahakamani, kusikiliza tu. Wa nne alikuwa Binti Kodi, kompyuta mapajani. Jina hilo alilipata siku aliposema kazi yake ni kuandika kodi za kompyuta, yaani maagizo ya programu. Sindano, aliyekuwa na mambo yake na watu wa mapato, alisikia neno "kodi" tu, akapotea kijiweni wiki nzima.

Leo Binti Kodi hakuwa na utani. Juzi baba yake alishinda ndani ya kliniki ile tangu inafunguliwa mpaka inafungwa, kwa sababu zamu za wagonjwa huandikwa kwenye skrini ukutani, na mzee alikwenda pale kwa kuwa haoni. Binti akamwendea matroni amevimba kama andazi. Matroni akamjibu: haya, wewe si mtaalamu, ifanye iseme. Baada ya chai ndiyo saa ya kumwonyesha, na kompyuta bado bubu.

— Tueleze polepole, alisema Wakili. Kesi ni nini?

— Nimeandika skripti, programu ndogo, alisema Binti Kodi bila kuinua macho. Yenyewe haina sauti. Mwenye sauti ni mfumo endeshi, yule mkubwa anayeendesha kompyuta nzima. Kwa hiyo skripti inakwenda kumwomba aifungulie sauti. Mkubwa anaijibu kwa anwani ya mahali sauti ilipo. Skripti ikipeleka maneno kwenye anwani hiyo, inakufa. Hata kuaga haiagi.

— Imeingia kwa mkubwa bila hodi, alisema Sindano. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hapo methali inaingiaje? aliuliza Wakili.

— Si mwenyeji kapona? Aliyekufa ni mgeni.

Antena alipuliza kahawa yake, akatikisa kichwa kama daktari aliyeletewa mgonjwa amechelewa.

— Nyie hamjui sauti. Sauti ni mawimbi. Humo kliniki mna mitambo ya kumulika macho, inayala mawimbi yote. Mimi redio yangu nikipita hapa inakohoa.

— Redio yako inakohoa popote, bwana, alisema Sindano.

— Haya, basi niseme ukweli wenyewe. Sauti ile ni ya mama mmoja, ameajiriwa, amekaa mahali. Ukimwita asubuhi hivi, bado anakunywa chai.

Wakili alisema mama huyo ashtakiwe kwa utoro. Tena skripti ni raia wa kigeni kwenye nchi ya mkubwa, na kuua mgeni bila kumsomea shitaka ni kosa. Muuza kahawa akauliza kama kompyuta ina mahabusu. Binti Kodi alijaribu mara nyingine. Programu ikafa. Alihisi machozi ya hasira yakimkaribia, akayameza pamoja na kahawa.

— Usikate tamaa, alisema Sindano. Mimi nilipokwenda kwa wakwe mara ya kwanza, shemeji alinielekeza kwa simu. Akaniambia nyumba namba elfu moja, simu ikakatika. Nikaenda elfu moja. Nikakaribishwa, nikala, nikauliza bafu liko wapi. Mwenye nyumba akarudi, akanitoa kwa ukosi wa shati. Kumbe ilikuwa elfu moja mia nne na kumi.

— Heri nusu shari kuliko shari kamili, alisema Wakili. Nusu ya anwani si haba.

Binti Kodi aliacha kikombe hewani.

— Rudia, kaka Sindano.

— Nirudie kutolewa?

— Anwani. Ilikatika.

Akainamia kompyuta. Hakuwa ameiambia skripti kwamba jibu la mkubwa ni anwani. Yenyewe ikalidhania ni namba ndogo tu, ikachukua kipande kilichoienea, kingine ikakitupa. Kisha ikabeba maneno hadi nyumba ya watu, na mkubwa akaitoa kwa ukosi. Aliandika mstari mmoja wa kuiambia ipokee anwani nzima. Akabonyeza.

— Namba kumi na saba, ilisema kompyuta. Chumba cha pili.

Benchi zima liliisogelea kompyuta.

— Mbona inasema kama mjomba aliyekaa ng'ambo miaka mingi? aliuliza Antena.

— Lakini imesema, alisema Binti Kodi, na kwa mara ya kwanza tangu juzi akacheka. Akaibonyeza tena, na tena. Sindano alidai kikombe cha bure kwa ushauri wa kitaalamu, Wakili akadai cha kwake kwa kumwakilisha Sindano.

Wakiwa katika hilo, bibi mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta, bandeji jicho moja na jingine lina ukungu, alisimama akipapasa hewa.

— Kumi na saba ndiyo mimi, wanangu. Kumbe siku hizi wanaita.

— Ni majaribio tu, bibi, alisema Binti Kodi. Ila kuanzia leo itakuwa inaita kwelikweli. Hamtapitwa na zamu tena.

— Mungu awabariki. Na ikishaniita hivyo, nani atanishika mkono hadi hicho chumba?

Antena alimtazama Wakili. Wakili alitazama ndani ya kikombe chake. Binti Kodi aliangalia kompyuta, kama vile huenda mkubwa ana jibu la hilo pia.

Akaifunga, akampakatisha Sindano, akavuka kwenda ukutani.

— Nishike hapa begani, bibi. Twende taratibu, mbele pana mtaro.