Vilima Shingoni Mwangu: Kumuaga Daktari Lobo

Mheshimiwa Padri, Daktari Bianca Lobo tunayekuaga leo, wazee wa jumuiya yetu hapa Weston ugenini, mama zangu wa kwaya, nanyi nyote mliokuja na baridi hii, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni Mélissa, mtoto wa Mama Divin, mimi ndiye yule anayekaa nyuma kanisani na kitabu.

Nilizaliwa na mstari wa kahawia kutoka nyuma ya sikio hadi begani. Mwanzoni ulikuwa laini. Kadiri nilivyokua ukainuka, ukawa vijipele vigumu vilivyopangana. Mnakumbuka mlivyosema? "Mama Divin alimmwagia mtoto chai." "Hapana, alitazama radi akiwa na mimba." Mama aliacha kuimba kwaya, na kila Jumamosi, kabla ya misa ya kesho yake, alinisugua kwa jiwe la visigino mpaka ngozi ikawaka. Kisha alinifunga skafu shingoni, hata Julai, mwezi wa joto kali huku.

Mwishowe alinileta kwako, Daktari wa ngozi, na bado nakumbuka chumba chako: peremende za tangawizi mezani, na dirisha lililotetemeka kila treni ilipopita. Ukaitazama ngozi yangu iliyochubuka, ukauliza kwa Kiswahili chako cha Nairobi, "Mama, hapo unasugua nini?"

"Uchafu, Docta. Hautoki."

"Utalimaliza jiwe, mama, na mstari huu utabaki."

Ulikata kipande kidogo cha ngozi, na siku ya majibu ukatuketisha mbele ya hadubini. Nani kati yenu amewahi kuiona ngozi ya mwanawe kwa ndani? Tabaka la juu lilikuwa nene, limepanda na kushuka kama vilima, na juu yake gamba limefumana kama mkeka. Ukasema, "Seli ni nyingi mno, lakini zimekaa kwa mpangilio. Si saratani, wala haiambukizi. Ni alama ya kuzaliwa, tunaiita nevasi." Ukatuchorea njia ambazo ngozi hufuata inapokua tumboni: seli moja ilibadilika, ikazaa wenzake, wakaandamana kwenye njia hiyo.

Mama akauliza, polepole, "Nilifanya nini, Docta?"

"Hukufanya kitu, mama."

Akainama tena kwenye hadubini, akatazama muda mrefu, kana kwamba jibu limeandikwa mle. Jumapili iliyofuata alirudi kwenye kwaya. Mimi skafu sikuiacha; nilikuwa nimeizoea.

Sasa unastaafu, na chumba kile kitapata mwenyewe mwingine. Nitakikumbuka sana, kwa sababu ndipo mama yangu alipopumua.

Asubuhi hii nilikwisha kuvaa skafu. Mama akaniketisha chini, akanisuka nywele zote juu, kama mnavyoniona. Skafu ameichukua yeye. Mtazameni pale: ameifunga kiunoni, anangoja nimalize acheze.

Basi sitamchelewesha. Asante, Daktari, nanyi nyote asanteni kwa kunisikiliza, na leo kwa kunitazama.