Mato ya Chombo cha Jeilani

Kijiwe cha Langoni kiko pale kichochoro kinapopinda, penye baraza ya mawe iliyolainishwa na makalio ya vizazi vingi. Alasiri hiyo, baada ya swala, watu wake wote walikuwapo. Athman alikuwapo, aitwaye Nanga kwa kuwa akishaketi haondoki. Hamid alikuwapo, aitwaye Dira tangu alipopotea mchana kweupe kati ya Amu na Manda. Mahdi fundi wa simu naye alikuwapo, aitwaye Satalaiti, kwani hakuna jambo duniani ambalo hajaliona kiooni. Pembeni kabisa aliketi Bwana Mohdhar, mtu wa maneno machache, ambaye ndiye aliyejua ni nani wa ukoo wao kazikwa wapi na nani kamnyonyesha nani. Mpwawe Jeilani, aliyeketi kando yake, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye vyombo vya matanga vya Wazungu, alitaka kununua chake cha kwanza, avuke na mkewe Tima mpaka Shelisheli, Maldivi na mbele zaidi. Vyombo viwili vya kuuzwa vilikuwa vimetia nanga upande wa Manda, na jibu lilitakiwa kabla ya Magharibi. Lakini Jeilani alikuwa amekwisha sema: bila radhi ya mjomba, hanunui wala haondoki.

— Chukua kile cha vifua viwili vilivyoungwa pamoja, alisema Satalaiti. Buda, kile si chombo, ni nyumba! Kina jiko, kina friji, kina sukani mbili.

— Mshika mbili moja humponyoka, alionya Nanga.

— Hiyo ni ya wake, Bwana Nanga.

— Ni ya kila kitu kilicho viwili.

Dira aliweka chini kikombe alichojaziwa na muuza kahawa.

— Wahenga walisema, chombo cha kuzama hakina usukani. Hiki kina mbili. Maana yake nini? Hakizami milele! Na upande mmoja ukizama, mwahamia wa pili, safari yaendelea.

— Na ule uliozama?

— Mwaukata. Kama mkia wa mjusi.

— Chombo hununuliwa kama punda, alisema Nanga. Hutazami rangi, watazama mgongo. Tuvishindanishe kama madau ya Maulidi. Kitakachotangulia ndicho.

Jeilani alicheka kwa adabu.

— Mashindano ya Maulidi yaisha kabla hujaona njaa, mzee wangu. Huko hakuna wa kushindana naye, ni kuvumilia tu. Mimi moyo wangu uko kwa kile kidogo. Ni kizee, kizito, na friji hakina. Lakini mkuku wake wa chini ni mrefu, umejazwa madini ya risasi. Wimbi likikilaza, uzito ule wakiinua. Na tulipokijaribu, tanga lake Tima alipandisha peke yake, mimi nimelala.

— Hiyo ya kujiinua nimeiona! Satalaiti aliruka. Chombo kilipinduka kizima, milingoti chini, kikarudi chenyewe. Nahodha ana kikombe mkononi, na kahawa haikumwagika!

— Alikuwa ameshainywa, alisema Nanga.

Walicheka wote ila Mohdhar. Dira alipomaliza kucheka, alishusha sauti.

— Na huko kati, Jeilani. Kukoje?

Jeilani aligeukia upande wa bahari.

— Alfajiri moja upepo ulikufa. Bahari ikatulia mpaka nyota za juu zikaonekana na chini, sikujua twaelea au twaning'inia. Nikasikia pumzi kando yangu. Nyangumi. Alinitazama kwa jicho moja, hana haraka. Nikaona haya, kama niliyeingia nyumba ya watu bila hodi.

— Subhanallah, alisema Nanga.

Dira alikuwa amesahau kikombe midomoni. Kwa muda baraza yote ilikuwa kama imepungukiwa na ukuta wa nyuma.

Nanga ndiye aliyekohoa kwanza.

— Yote sawa. Lakini vyote viwili havina mato. Chombo kipofu kitaonaje ndia?

— Kina mtambo, mzee, wa kuonyesha njia, alisema Satalaiti.

— Mtambo wakuonyesha wewe. Chombo chenyewe hakioni.

Macho yote yalimgeukia Mohdhar. Langoni nzima ilijua kwamba ndani ya kasha lake mna mato ya chombo cha babu yake, mbao mbili za mviringo, nyeupe zenye mboni nyeusi, zilizotolewa omo, mbele ya chombo, kabla hakijavunjwa. Babu aliacha neno: yapewe chombo kitakachopotewa na nti, nchi kavu isionekane tena. Mwenye hoteli aliyataka ayatundike ukutani, akanyimwa. Dau la mashindano lilinyimwa pia. Leo chombo kimepatikana, na ulimi wa Mohdhar ulikuwa mzito, kwani Jeilani ndiye pekee aliyeachwa na dada yake marehemu.

— Tena kile kidogo hakipigiliwi misumari, mjomba, Jeilani alisema taratibu. Si cha mbao. Ukikitoboa, waita maji.

Hapo Tima alitokea kichochoroni, buibui limejaa upepo. Walivuta miguu kumpisha, lakini hakupita.

— Asalaam aleikum. Mwenye kile kidogo angoja jibu.

— Twabishania mato, Bi Tima, alisema Nanga.

Tima alifikiri.

— Basi nami niulize. Tukiwa kati, mbele hakuna nti, nyuma hakuna nti, hayo mato yatakuwa yatazama nini?

Satalaiti aliitazama simu yake, akaitia mfukoni. Muuza kahawa aliinamisha buli, likatoa masimbi matupu, kahawa imekwisha.

Mohdhar aliinuka, akaingia nyumbani. Aliporudi alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kanga kuukuu. Alikifungua juu ya baraza, na yale mato yakawatazama wote.

— Kile kidogo, alisema. Na babu hakupigilia misumari. Yaoneni matundu, yalifungwa kwa kamba ya nazi. Yafungeni kwenye vile vyuma vya kushikilia vya omo.

Alimkabidhi Tima, si Jeilani.

— Sisi hapa jibu lako hatulijui, mwanangu. Nendani mkaone yanatazama nini. Mrudi mtwambie.

Tima aliyapokea kwa mikono miwili. Yeye na Jeilani wakashuka kichochoro kuelekea pwani, na wa kwanza kuinuka kuwasindikiza alikuwa Nanga.