Vishikio vya Issát

Kijiwe cha Gárdejávri, kijiji cha kaskazini ya mbali, hakina kivuli wala hakikihitaji. Ni benchi moja la mbao ndani ya kituo cha mafuta cha Márjá, kati ya friza la samaki na rafu ya oili, limetandikwa ngozi ya kulungu wa theluji iliyokwisha manyoya pale wazee wanapokaa. Wenye benchi ni wawili. Wa kwanza ni Jovnna, aitwaye Waya, kwa kuwa hakuna redio wala mashine ya kufulia kijijini ambayo hajaifungua, na nyingine akaweza hata kuzifunga. Wa pili ni Heaika, aitwaye Sheria, aliyewahi kukaa baraza la wilaya miaka minne na tangu hapo hajapona. Kahawa huichemsha Márjá mwenyewe katika birika jeusi, nao huitumbukizia vipande vya jibini na kuinywa kwa bonge la sukari katikati ya meno. Jumamosi ile ya mwezi wa pili, jua lina wiki tatu tu tangu lirudi baada ya giza la majira ya baridi na nje baridi imeshuka nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri, aliingia Issát, mfugaji wa kulungu, mgane wa miaka sitini na moja. Huyu kwa kawaida hununua petroli na kwenda zake. Siku hiyo aliketi. Akavua glavu, akaiweka mikono mezani. Vidole vinne vilikuwa vyeupe kama mishumaa.

— Jamani, alisema, vishikio vya skuta yangu havipashi. Nifanyeje?

Waya alisogeza kikombe pembeni kama hakimu anayefungua jalada. Skuta, yaani pikipiki ya theluji, ina nyaya za joto ndani ya vishikio vya usukani, na jambo lenye nyaya lilikuwa lake kabla hata halijasemwa.

— Havipashi kabisa, au vinapasha kwa uchoyo? aliuliza.

— Kwa uchoyo. Vuguvugu. Kama chai ya jana.

— Swichi umeweka juu?

— Waya, mimi si mtoto.

— Nauliza tu. Kuna mtu alinilipa nifungue skuta nzima, kumbe swichi ilikuwa imezimwa. Simtaji jina.

— Ilikuwa mara moja tu, alisema Sheria. Na tuache hayo. Issát, unakwenda wapi na skuta siku kama hii?

— Ng'ambo ya ziwa.

— Kilomita arobaini na nane! Kulungu wamepotea?

Issát alikunywa kahawa. Ukweli ni kwamba wiki mbili mfululizo alikuwa amegeuza njia katikati ya ziwa lililoganda kwa sababu ya vidole, na mara ya pili, alipopiga simu kuomba radhi, sauti ya mwanamke ilimjibu polepole: "Issát, mimi si mlima, nitazamwe kwa mbali. Jumamosi saa tisa chakula kitakuwa mezani. Usipofika, nitakula, na sitapika tena." Sasa ilikuwa saa tano kasorobo. Lakini mambo hayo angewaambiaje watu hawa? Alijibu:

— Nina shughuli.

— Shughuli ya mfugaji ni kulungu, alisema Sheria. Basi sikiliza. Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Maana yake, endesha kwa mkono mmoja, mwingine utie kwapani. Ukifika nusu, badilisha.

— Hiyo siyo maana yake, alisema Márjá akimimina.

— Kwenye barafu ndiyo maana yake.

— Bibi yangu, Márjá aliendelea, alikuwa anachemsha viazi viwili, anatia kimoja kila glavu. Anafika kwenye nyavu mikono ina moto, halafu anavila.

— Na kurudi je? aliuliza Issát.

— Kurudi anarudi na samaki.

Waya alikuwa akichora juu ya karatasi ya sukari.

— Viazi ni mambo ya kale. Tunaongeza nyaya za pili chini ya zile za kwanza. Joto mara mbili.

— Umeme utatoka wapi? aliuliza Issát.

— Kwenye injini.

— Ulimfanyia hivyo Piera, alisema Sheria. Taa zikazimika, akaingia kwenye bafu la mvuke la mwalimu mkuu kwa kupitia ukutani.

— Lakini mikono yake ilikuwa ya moto! Muulize mwenyewe.

— Mwalimu mkuu ndiye wa kuulizwa. Hapana, hapa dawa ni moshi. Pafukapo moshi pana moto. Injini inatupa moshi wa moto bure huko chini. Tunachukua bomba, tunaupandisha hadi kwenye usukani, unapita ndani ya vishikio, unatokea huku na huku.

— Usoni kwake.

— Atafumba macho.

— Kwa kilomita arobaini na nane?

— Ziwa ni tambarare, Waya! Atagonga nini?

Márjá alicheka hadi akaliweka birika chini. Akasema basi heri watoto wa mbwa, maana wa kwake alikuwa amezaa wanne. Mmoja alale kwenye glavu ya kulia, mmoja ya kushoto, na wawili wabaki akiba. Sheria alilipokea wazo hilo kwa uzito wote, akauliza watoto hao watakojoa kila baada ya kilomita ngapi. Issát alijikuta anacheka mpaka machozi. Hakukumbuka mara ya mwisho kucheka mchana kweupe ilikuwa lini. Akatazama saa ya ukutani. Saa tano na nusu.

— Jamani, alisema, mimi lazima nifike leo. Lazima.

Alivyolitamka neno hilo, kicheko kilikatika. Waya alikunja karatasi yake.

— Ingiza skuta gereji.

Waliiingiza. Waya alichukua mpira wa upepo wa kujazia matairi, akapuliza chini ya kishikio, nacho kikateleza na kutoka kama soksi. Ndani yake palikuwa na utepe mwembamba wa joto uliobandikwa juu ya chuma kitupu cha usukani. Aliinama, akatazama, kisha akakigusa chuma kwa kidole na kuguna.

— Nini? aliuliza Issát.

— Utepe ni mzima. Mwizi ni chuma. Joto likitoka linakimbilia chumani, chuma kinalipeleka nje kwenye upepo. Ndugu yangu, miaka yote hii ulikuwa unaupasha moto ulimwengu.

— Mkono mtupu haulambwi, alisema Sheria kwa huzuni, na safari hiyo hakuna aliyembishia.

Márjá alileta soli za sufu za kuweka ndani ya viatu kutoka rafuni. Waya alizichana nyembamba, akazizungusha juu ya chuma, akaurudisha utepe juu yake, akafunga kwa selotepu, akasukuma kishikio mahali pake na kurudia upande wa pili, huku Sheria akimshikia tochi na kumkosoa. Walipowasha injini, Issát alishika. Ilichukua dakika mbili. Kisha joto likaja, la taratibu, kama la mkate uliotoka jikoni sasa hivi.

— Eee! alisema Issát. Eee, Waya!

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke kijana mwenye ovaroli ya kampuni ya mafuta, na karatasi mkononi. Alikuwa dereva mpya wa lori kutoka kusini, Ingvild jina lake.

— Habari zenu, wazee. Nimeshusha dizeli, natafuta wa kutia sahihi. Kuna msiba?

— Msiba? Hapa kuna ushindi! alisema Sheria, akamweleza yote: chuma, soli, ziwa, baridi, na jinsi yeye mwenyewe alivyoongoza kazi nzima.

Ingvild alisikiliza kwa adabu.

— Hongereni. Na huko ng'ambo anakwenda kwa nani?

Waya alimtazama Sheria. Sheria alimtazama Márjá.

— Kwa... kwa kulungu, alisema Sheria.

— Kulungu wake wako upande huu, alisema Márjá polepole. Niliwaona jana kutoka barabarani. Wote.

Wote wanne wakamgeukia Issát. Masikio yake yalikuwa mekundu, wala si kwa baridi.

— Kwa Sunná, alisema.

— Sunná mshona viatu?

— Ndiyo.

— Tangu lini?

— Tangu vuli.

— Mficha uchi hazai! alipiga kelele Sheria, amefurahi kupita kiasi.

— Ana miaka sitini na moja, Heaika, azae nini? alisema Waya, akijifuta macho kwa tambara lenye oili.

Basi ikawa vurugu. Márjá alimfungia jibini nzima kwenye taulo safi. Sheria alimvua kofia akamchana nywele kwa kitana chake mwenyewe, akimpa nasaha za ndoa ambazo hazikumsaidia hata yeye. Waya alikaza skrubu iliyokuwa imekazwa tayari. Ingvild, karatasi yake bado haina sahihi, aliisukuma skuta hadi nje kwenye mwanga. Ilikuwa saa sita na dakika kumi.

Issát alivuka ziwa bila kusimama. Saa nane na nusu aliuona moshi wa nyumba ya Sunná, na Sunná mwenyewe alikuwa mlangoni, shali begani, amesikia injini toka mbali.

— Lete mikono, alisema, kabla ya salamu.

Akaipokea. Akashangaa.

— Mbona ina moto?

— Waya ametengeneza.

— Aha, alisema, akitazama chini. Nami nilikuwa nimejiandaa kuipasha.

Issát hakuwa mtu wa maneno. Alifikiri kwa haraka kuliko alivyowahi kufikiri maishani.

— Dole gumba, alisema. Gumba la kulia hukaa kwenye kibonyezo cha mafuta. Huko Waya hakufika.

Sunná akalishika gumba kwa mikono miwili, akamvuta ndani, akaufunga mlango kwa mguu.