Mama Tabitha Nzisa Ndunda na Benchi la Mlangoni

Marehemu Mama Tabitha Nzisa Ndunda alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kithyoko, binti wa hayati Musau na Mbithe. Alisoma hapo hapo hadi darasa la saba, kisha akaja kwa shangazi yake hapa Masii kujifunza kushona. Wengi waliokusanyika hapa walikwenda shule na sare alizozishona, na wakakaripiwa naye walipozirarua.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na Jeremiah Ndunda, aliyempelekea suruali ile ile kupunguzwa mara tatu, mpaka ikawa kaptura.

Mwaka 2016 alipatikana na saratani ya mlango wa kizazi. Alitibiwa kwa mionzi Nairobi, akapona, na familia ikamshukuru Mungu.

Miaka mitatu baadaye alianza kuharisha na kutoa damu. Alimeza dawa za amiba na za minyoo, asimwambie mtu. Kanisani akaiacha kwaya aliyokuwa akiimba, akahamia benchi la mlangoni ili aweze kutoka haraka. Akina mama wenzake wa mwethya, ambao husaidiana kulima, walidhani ameingiwa na maringo. Walipojua ukweli iliwauma sana, na inawauma hadi leo.

Mwaka 2022 utumbo uliziba. Daktari wa upasuaji alieleza kwamba mionzi iliyomponya ilikuwa imeunguza utumbo pia, ukakakamaa. Ilibidi kipande kikatwe, na choo kitokee tumboni kwenye mfuko. Mama akakataa.

"Sasa daktari, nikiwa na hiyo kitu nitakaa na watu aje?"

Bintiye Wendy akamjibu huku akilia, "Mami, kwani saa hii unakaa na nani?"

Mama akakubali. Alipopata nguvu alishona vifuniko vya mfuko kwa kitenge, kila rinda na chake, hata wauguzi wakamwomba awashonee wagonjwa wengine. Jumapili moja aliingia kanisani, akalipita benchi la mlangoni, akaketi na kwaya. Akina mama wa mwethya walipiga vigelegele ibada ikasimama.

Julai mwaka huu utumbo uliziba tena. Alipasuliwa mara ya pili, lakini sehemu iliyoungwa haikushika. Alituacha alfajiri ya tarehe 3 Agosti 2025, Wendy akiwa amemshika mkono.

Amemwacha mumewe, Mzee Jeremiah, watoto Antony, Wendy na Carol, wajukuu watano, na kifuniko kimoja ambacho hakijamalizwa kwenye cherehani.

Aliomba jambo moja tu, na limetimizwa: leo jeneza lake liko mbele kabisa, kando ya kwaya. Apumzike kwa amani, mahali asipohitaji tena kukaa karibu na mlango.