Rozina Awuor na Kliniki ya Saa Tisa Alasiri

Baada ya miaka thelathini na mitatu kasoro wiki chache katika maabara ya Hospitali ya Macho ya Mwalo Mpya, hapa Mwanza, Bi. Rozina Awuor, Mama Akelo kwa sisi sote, anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu mfupi, wa furaha, usiomkwaza mtu. Mfupi nitajitahidi, na wa furaha pia. Hilo la tatu kamati inisamehe.

Alizaliwa Rorya, mkoani Mara, katika familia ya wavuvi na wakulima. Aliajiriwa Agosti 1992 kama msaidizi wa maabara, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha vioo vya hadubini. Ndani ya miaka sita alikuwa amesoma, amefaulu, na anawafundisha waliomwajiri namna ya kuandika lebo inayosomeka. Mpaka leo ukikosea tarehe kwenye chupa ya damu anakurudishia uiandike upya mbele yake, na hilo linauma kuliko barua ya onyo.

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na glakoma, ambayo wagonjwa wetu huiita presha ya macho. Ugonjwa huu huua mshipa wa fahamu wa jicho polepole, bila maumivu, na uoni ukishapotea haurudi. Sote tulifundishwa kuitazama presha ya ndani ya jicho, basi. Mama Akelo akawa na swali la ziada: namna mwili unavyotengeneza, kusafirisha na kutumia mafuta ina mchango gani? Chembe za mshipa ule zinayahitaji mafuta ili ziishi. Kwa nini basi tupime jicho tusipime na damu? Alipouliza hivyo kikaoni mwaka 2014, watu walicheka. Akaambiwa mafuta ni mambo ya madaktari wa moyo. Yeye akaenda mwaloni, wavuvi wanakoegesha mitumbwi, na sindano zake.

Na huko akakosea, tena vibaya. Kipimo cha mafuta alitaka kifanywe kabla mtu hajala, kwa hiyo akawaita wavuvi wa dagaa asubuhi, kama vitabu vyote vinavyoelekeza. Majibu ya watu 118 yalitisha. Ungedhani mwalo mzima una siku chache za kuishi. Aliyemtoa gizani ni mvuvi mmoja, Shigela, ambaye jicho lake la kulia lilikwishapotea. Alisoma karatasi yake akaguna: "Mama, hiyo mliyopima siyo damu yangu, ni mapanki. Sisi tukitoka ziwani tunakula ndo tunalala. Mngenipima nikiamka."

Ndivyo ilivyokuwa. Usiku kucha wako ziwani na taa za karabai, alfajiri wanafika nchi kavu, wanakula mapanki, yale mabaki ya sangara, yaliyokaangwa yakaiva, kisha wanakuja kwetu. Mtu mwingine angezika zile karatasi. Mama Akelo aliitisha kikao kilekile kilichomcheka, akasema amekosea, akafuta majibu yote 118 na kuanza upya saa tisa alasiri, wavuvi wakiamka, kabla ya chungu kuwekwa jikoni.

Miaka mitano baadaye alikuwa na watu 412, wa mwaloni, Kisesa na Misungwi. Kati yao, wenye mafuta mengi kwenye damu walikuwa na presha ya juu ndani ya jicho mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Aliandika kwamba huo ni uhusiano, siyo sababu, na kwamba hajui kipi kinaanza. Jarida la kwanza lilimkatalia, la pili likamkatalia. Bingwa mmoja mgeni alimwambia hakuna kitu hapo. Alimjibu kwamba kutojua bado siyo sawa na kutokuwepo, akaendelea kupima. Na ole wake mgonjwa aliyeacha matone ya dawa kwa kudhani kupunguza mafuta kunatosha! Huyo alisemwa mpaka benchi zima likainama.

Sasa nifike panapokwaza. Uongozi umeandika kwamba kuanzia tarehe 1 Julai kliniki ya alasiri, iliyozaliwa na vipimo vile, itafungwa, kwa kuwa aliyeianzisha anaondoka, na wavuvi waje asubuhi kama wengine. Hawatakuja. Watu sitini na watatu wanapimwa macho na kupewa matone saa hiyo kwa sababu ndiyo saa wanayokuwa macho. Shigela ni mmojawapo. Jicho lake la kushoto linaona mpaka leo, na sina lingine la kumpa. Naandika hili kwa hasira, na sitaki lilainishwe kabla ya kuchapwa.

Jumanne, tarehe 1 Julai, saa tisa alasiri, mlango utakuwa wazi. Nitakuwepo mimi, Sista Raya wa chumba cha matone atakuwepo, na barua ya kupinga yenye sahihi kumi na tisa ilikwishafika mezani kwa Mkurugenzi. Anayetaka kufunga aje afunge wagonjwa wakiwa kwenye benchi, awaeleze mwenyewe.

Mama Akelo, asante kwa lebo, kwa makaripio, na kwa kutuonyesha kwamba mtu anaweza kukosea hadharani na bado asirudi nyuma. Tunakuombea afya, mihogo inayojaa, na wajukuu wanaosikia. Tunajua Jumanne hiyo utatamani kuja. Usije. Tunataka waone kwamba haikuwa kliniki ya mtu mmoja.

Gidion Luhaga, Maabara