Bu Nabil na Viwanja Bora vya Gofu vya Ghuba

Tarehe 30 Aprili, Bwana Jumaan Hilal, yaani Bu Nabil (Baba Nabil) wetu, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika jarida hili la Manama. Kazi yake ilikuwa kuzunguka Dubai, Maskati, Doha na hapa nyumbani, kisha kutupangia orodha ya kila mwaka, uwanja upi wa gofu unavishinda vingine vyote. Alipewa pia kazi ya kusahihisha matangazo, lakini hakuna aliyewahi kumwona akiifanya.

Gofu alijifunzia Zuwaid, kiwanja chetu cha mchanga nyuma ya mabomba ya mafuta. Pale mchezaji hutembea na kipande cha zulia la plastiki: hulitandika, huweka mpira juu yake, hupiga, hulikunja na kusonga mbele. Kuzunguka shimo, mchanga humwagiwa mafuta ili ushikane, na ukimaliza unaufagia ili anayekuja nyuma asikute nyayo zako. Asiyefagia Zuwaid huonekana hakulelewa.

Basi jarida lilipomtuma Dubai mara ya kwanza, Bu Nabil alikwenda na zulia lake. Alilitandika juu ya nyasi zilizotunzwa kama mtoto wa kifalme, na watu wakamwacha aendelee, wakidhani ni mtindo mpya. Lakini alipomaliza shimo la kwanza, akachomoa ufagio kwenye mfuko wa fimbo na kuanza kufagia kwa adabu zake zote, meneja alikuja mbio. Habari hizo zilifika Manama kabla yake.

Aibu ile haikumtoka. Tangu hapo akawa mtaalamu wa nyasi, na sisi tuliokaa naye meza moja tuligundua haraka kwamba utaalamu wenyewe ulikuwa tumboni. Uwanja wa Maskati ulipanda mwaka walipomfungia halwa ya kubeba nyumbani. Wa Doha uliporomoka kwa sababu kahawa ililetwa imepoa. Uwanja mmoja wa Dubai uliongoza miaka nenda rudi kwa kile alichokiita mandhari ya kuvutia, nasi tunajua mandhari yenyewe ilikuwa sinia la machbusi, wali wa viungo kwa samaki hamuri.

Zuwaid hakuitaja hata mara moja. Kila mwaka Bu Rashid, mwenyekiti wa klabu ile, alimwomba awaweke japo mkiani, ijulikane tu kwamba wapo. Kila mwaka Bu Nabil alijibu kwamba ule si uwanja, ni jangwa lenye vibendera. Kisha Alhamisi jioni alikwenda kucheza huko huko, kama mgeni wa huyo huyo Bu Rashid. Uso mkavu wa namna hiyo hausomewi shuleni.

Mwaka huu mwenye ardhi alitangaza kwamba Zuwaid itavunjwa yajengwe majumba. Wakati huohuo mstaafu wetu alikuwa akipiga simu kwenye viwanja vyake vipendwa, kuuliza kama ataendelea kukaribishwa. Wote walimsalimu kwa mapenzi makubwa, na wote wakamtajia ada. Ndipo alipotambua kwamba miaka yote hiyo mgeni alikuwa kalamu, yeye alikuwa mbebaji tu. Na kiwanja pekee ambacho kingempokea bila kalamu kilikuwa kinasubiri trekta.

Alikwenda kwa Bu Rashid, kichwa chini, kumwambia kwamba safari hii Zuwaid itakuwa ya kwanza Ghuba nzima. Bu Rashid alimmiminia kahawa, kisha akamwambia taratibu, "Usijisumbue, Bu Nabil. Sisi hatuna samaki wa kukupikia."

Inauma hata kuiandika. Lakini haki yake apewe: mhariri alipomtaka aache mzaha wa kuiweka Zuwaid juu ya wote, aligoma. Klabu ya Dubai iliyokuwa ituandalie hafla hii ya kumuaga ikajitoa ilipoona imeshushwa, ndiyo maana leo tunakula sambusa ofisini. Aliandika ukurasa mzima juu ya Zuwaid bila kutaja chakula. Ni maandishi bora kuliko yote aliyowahi kutupa.

Jarida lilipotoka, matajiri waliochoshwa na nyasi wakamiminika kuuona huo mchanga. Mwenye ardhi aliona magari yalivyopangana, ghafla akakumbuka kwamba tangu utotoni yeye ni mpenzi wa gofu. Majumba yamefutwa. Zuwaid imepona, na aliyeiponya ni Bu Nabil, tutake tusitake.

Wiki iliyopita alikwenda kujiandikisha uanachama, kifua mbele. Akakuta klabu imejaa na watu wanasubiri nafasi. Alimtazama Bu Rashid kwa matumaini, naye Bu Rashid akamkumbatia kwa dhati na kumwambia, "Foleni ni foleni, ndugu yangu. Na hao wote walio mbele yako ni wasomaji wako."

Ahsante kwa miaka yote, Bu Nabil, hata ile ya halwa. Tunakutakia maisha mema, afya tele, na wasomaji wenye kukata tamaa mapema kwenye foleni.