Jescah Awinja na Kozi Iliyookolewa Jikoni

Kwa Mhariri wa jarida letu, na kwa jamaa yote ya chuo chetu cha ufundi hapa Shinyalu: mimi Philip Mukhwana, naibu mkuu wenu wa zamani, nawasalimu kwa heshima na amani ya Bwana. Niwieni radhi kwa kuchelewa. Tangu Mama Beverly, mke wangu, aliponitangulia, maharagwe yetu huvunwa na mikono yangu peke yake.

Mwalimu Jescah Awinja anastaafu tarehe 31 Agosti, baada ya kufundisha kompyuta kwa miaka thelathini na mmoja.

Alipoanza, kila kompyuta mpya iliipita ya zamani kwa kasi ya mapigo ya prosesa, yaani ubongo wake wa kukokotoa. Wahandisi walipunguza ukubwa wa transista, vile viswichi vidogo vilivyomo ndani yake, umeme ziliouhitaji ukapungua nao, na mapigo yakaongezwa pasipo joto kuzidi. Kisha njia hiyo ikafika ukingoni: umeme haukushushika tena, ukaanza hata kuvuja, na kila nyongeza ya mapigo ikaleta joto jingi mno. Mwalimu hakusadiki upesi. Aliilazimisha kompyuta moja ikimbie kupita kiwango chake, akaifungua ubavu na kuielekezea feni ya mezani. Ilizimika, haikuwaka tena. Huicheka habari hiyo kuliko sisi sote.

Mwaka 2007 tulipaswa kuchagua kompyuta mpya, na wakaguzi walikuwa wameonya kwamba maabara isiporidhisha, kozi yake ingefungwa. Mwalimu alitaka prosesa zenye viini viwili, yaani bongo mbili zinazofanya kazi kwa pamoja, ijapokuwa mapigo yake yalikuwa ya chini. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Nehemiah Wangila, alimtania kwamba hakuna mwenye akili ambaye angeacha pikipiki moja ya mbio achukue mbili za polepole. Mwalimu alimjibu kwa adabu kwamba inategemea abiria ni wangapi.

Siku ya wazazi akatualika jikoni, wapishi wakisonga obusuma, ugali wetu, wa wageni mia tatu. Sufuria moja ikichochewa moto kupita kiasi, chini huungua na juu hubaki mbichi. Kwa hiyo akina mama huwasha meko kadhaa, kila moja na moto wa kadiri; ndivyo, alisema, viini vingi vya mapigo ya chini vinavyogawana kazi. Wala hakutuficha upungufu wa njia hiyo: sufuria moja haisongwi kwa miiko minne, na kazi isiyogawanyika hainufaiki na viini vingi.

Bwana Nehemiah alikuwa wa kwanza kuinua mkono kukubali. Wakaguzi walipofika, wanafunzi walichora ramani za nyumba huku kompyuta zizo hizo zikisaka virusi, na hakuna hata moja iliyokwama. Kozi ikabaki. Leo wahitimu wake wanafanya kazi Mumias, Matete na mbali zaidi, nasi twajivunia kila mmoja.

Mwalimu, asante kwa kutuvumilia. Mungu akujalie afya, na mapumziko yasiyo na kengele.

Barua hii inaletwa na Lynette Ayuma, aliyekuwa mwanafunzi katika maabara siku ile ya ukaguzi, na ambaye Septemba ataifundisha kozi hiyo.